NENO «FEAR» NA NDUGU YAKE «AFRAID»: KILA MARA NI KUOGOPA?

Safari hii tunaingia mu mambo ya Kiingereza. Hatufanyi hivyo juu ya kujivuna, maana Kiingereza chetu bado kinatambaa. Tunafanya hivyo juu ya kosa moja ambalo sisi wenyewe tulilifanya, na kosa hilo lilimpotezea mama mmoja wa hapa miezi miwili.

Mama huyo ana mtoto aliye Kanada. Mtoto alikuwa akitafuta njia ya kumwita mama yake huko, na ofisi moja ikamwandikia barua. Akaipiga picha, akaituma kwa simu ya jirani, na jirani akatuita sisi, kwa sababu munajua watu wanavyosema mtaani: «Hawa watoto wanasoma humanités, Kiingereza wanakijua.» Tulipoona barua ni fupi tulifurahi. Mstari wa kwanza ulisema: «I am afraid your mother's file is not complete.» Tukatafsiri neno kwa neno, tena kwa sauti kubwa: «Ninaogopa faili ya mama yako haijatimia.»

Mama akanyamaza. Kisha akauliza: «Anaogopa nini, baba? Nani amemutisha?»

Hatukujua la kujibu. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa naye anaandika makala haya, akasema: «Pengine kuna hatari mu ile faili, mama.» Sasa fikirini wenyewe. Mama aliyekimbia vita mwaka wa 1996, akarudi, akakimbia tena mwaka wa 1998, akiambiwa kwamba mkubwa wa ofisi, huko mbali penye amani, naye anaogopa, atafikiri nini? Alifunga karatasi zake zote ndani ya kitambaa, akaziweka chini kabisa ya sanduku, akamtumia mtoto neno: «Acha kwanza.»

Miezi miwili ikapita. Siku moja mu somo la Kiingereza neno «afraid» likaandikwa ubaoni, na sisi, tukitafuta sifa, tukamsimulia mwalimu jinsi tulivyosomea watu barua. Mwalimu akaweka chaki chini. «Mulimwambia nini, huyo mama?» Tukarudia maneno yetu. Akatuangalia kitambo. «Huyo mtu wa ofisi haogopi kitu,» akasema. «Anasema pole tu.»

Tuliona haya sana. Tangu siku hiyo tumeuliza, tumefungua kamusi za shule na za nyumba za watu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza muangalie jinsi lugha tatu tunazosoma zinavyosema jambo hili. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, naogopa, na kimetosha. Kifaransa kinasema «j'ai peur»: mtu ana woga, kama vile anavyokuwa na mbuzi. Kiingereza kinasema «I am afraid»: mtu yuko katika hali fulani, kama vile kusema ni mgonjwa ao ni mchovu. Ndiyo maana makaye yetu yanajaa alama nyekundu. Tukivuta Kifaransa tunaandika «I have fear». Tukivuta Kiswahili tunaandika «I afraid». Yote mawili hayakubaliki. «Afraid» si kitenzi, haiwezi kutembea bila «am», «is», «are» ao «was». Tena haikai mbele ya jina: mtu aliyeshikwa na woga ni «a frightened man», hawasemi «an afraid man». Kitenzi chenyewe ni «fear»: I fear, he fears, they feared. Nacho hakipendi kuvaa «-ing» wakati mtu anaposema anavyojisikia. «I am fearing the dog» tulikiandika watu kumi na mmoja mu kalasi moja, siku moja, na mbwa yuleyule.

Jambo lingine linalotusumbua ni «to» na «of». Tuchukue mto wetu Kimbi wakati wa mvua. Mtu akisema «I am afraid to cross», anasema hathubutu kuvuka, na kuvuka ni tendo lake mwenyewe, anaweza kulifanya ao kuliacha. Akisema «I am afraid of falling», kuanguka hakukuchagua, ni balaa inayoweza kumpata. Anayeogopa la kwanza anabaki ng'ambo hii. Anayeogopa la pili anaweza kuwa tayari amefika katikati ya maji.

Sasa asili ya maneno, na hapa ndipo tulipopenda sana.

Zamani za kale Waingereza walikuwa na jina «fær», na maana yake haikuwa woga. Maana yake ilikuwa hatari, balaa inayotokea ghafla. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, mpaka leo wanaita hatari «Gefahr», na ukisikiliza vizuri utasikia neno lilelile ndani yake. Kutoka jina hilo kikazaliwa kitenzi, nacho kilikuwa na maana ya kutisha. Ndiyo, kutisha! Mtu aliye-«fear» mwenzake alikuwa amemwogofya, si kwamba amemwogopa. Woga ulioko moyoni ulikuwa na kitenzi kingine, ambacho leo kimebaki katika neno «dread».

Basi ilikuwaje kitenzi kigeuke kichwa chini? Njia moja ni hii. Watu walizoea kusema «I fear me», yaani najitisha, sawa vile Wafaransa wanavyosema «je m'effraie». Mwenye kujitisha ni mwenye kuogopa. Pole pole lile «me» likaanguka njiani, na kufika karibu mwaka wa 1400 «I fear» ilikuwa imekwisha kupata maana ya leo. Lakini maana ya zamani haikufa mara moja. Shakespeare, aliyekufa mwaka wa 1616, bado aliitumia. Katika mchezo wake Measure for Measure anataja sanamu ya shambani inayosimamishwa ili i-«fear» ndege. Sisi tuliotumwa kufukuza ndege mu mpunga tunaelewa bila kamusi kwamba sanamu haiogopi ndege. Kiswahili kimejilinda na fujo hiyo kwa kubadili mkia wa neno: kuogopa ni kwa mwenye woga, kuogofya ni kwa mwenye kuuleta.

«Afraid» ilitoka upande mwingine kabisa. Mwaka wa 1066 watu wa Normandie walivuka bahari, wakaitawala Uingereza, na Kifaransa chao kikaingia mu Kiingereza kama vile Kiarabu kilivyoingia mu Kiswahili na kutuletea hofu na hatari. Kati ya maneno yaliyovuka lilikuwamo lile ambalo leo tunaliandika «effrayer». Waingereza wakalifanya «affray», maana yake kusumbua, kushtua. Mtu aliyeshtuliwa akawa «affrayed», na herufi zikalainika zikawa «afraid». Kitenzi chenyewe kikazeeka, watu wakakiacha, mtoto wake akabaki peke yake. Ndiyo sababu «afraid» inahitaji «to be» hadi leo: kwa asili ni sawa na kusema «nimeshtuliwa».

Tena mukizidi kuchimba, ndani ya «effrayer» mutakuta amani. Wataalamu wanasema neno hilo lilijengwa kwa «ex», yaani nje, na neno la Wafaranki la amani, ambalo kwa Kijerumani cha leo ni «Friede». Ni neno hilohilo linaloanza jina la Frédéric, maana yake mtawala wa amani, na akina Frédéric tulio nao humu shuleni wasivimbe kichwa. Basi, «afraid» kwa mizizi yake ni mtu aliyetolewa nje ya amani. Sisi wa Fizi tumeona maneno mengi ya wazungu ambayo hayatutoshei, lakini hili linatutosha kabisa.

Turudi kwa barua ya mama. Waingereza wana desturi ya kutopenda kukupiga uso kwa neno baya. Wakitaka kukuambia hapana, ao kitu hakipo, ao umekosea, wanaweka kwanza «I'm afraid» kama mto wa kuegemea kichwa. Ukiuliza dukani kama kuna chumvi, mwenye duka anajibu «I'm afraid not», yaani hapana, pole. Ukiuliza kama gari limekwisha kwenda, unasikia «I'm afraid so», yaani ndiyo, kwa bahati mbaya. Hapo hakuna anayetetemeka. Kuna alama mbili zinazosaidia. Kama baada ya «afraid» kuna «of», basi mara nyingi woga ni wa kweli. Kama kuna habari nzima inayofuata, yenye mtendaji wake na kitenzi chake, na msemaji anajibu ombo ao swali lako, basi karibu kila mara ni adabu, na Kiswahili chake ni «samahani», «pole», «kwa bahati mbaya», «tunasikitika». Kifaransa nacho kina desturi hiyo: «je crains que». Barua ile ilipaswa kusomwa hivi: Tunasikitika, faili ya mama yako haijakamilika. Na mistari ya chini, ambayo sisi tuliipita mbio kwa sababu ya haraka ya kusifiwa, ilieleza karatasi gani zinahitajika: ya kuzaliwa, na picha mbili.

Tulikwenda wote kumwomba mama radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema: «Kumbe alikuwa anasema pole? Sasa juu ya nini hakusema pole?» Kisha akafungua sanduku. Karatasi zimekwisha kwenda, na jibu tunalingoja pamoja naye.

Tulifikiri sana juu ya swali lake. Mwingereza anasema «I am afraid» mara kumi kwa siku bila haya yoyote. Kwetu neno hili ni zito, na katika nchi hii ya Lulimba uzito wake una historia. Wazee wanakumbuka vita vya waasi wa Simba. Mwaka wa 1965 askari wa serikali pamoja na mamluki walikuwa hapa Lulimba, na waasi walikuwa milimani. Mwezi wa nne wa mwaka huo Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wenzake, wakakaa kwetu hadi mwezi wa kumi na moja, na Lulimba yetu imetajwa mara nyingi katika maandiko yake. Yeye mwenyewe waliita Tatu, kwa Kiswahili. Alieleza habari ya dawa ambayo waganga waliwapaka wapiganaji ili risasi zisiwaingie. Dawa hiyo ilikuwa na masharti: usichukue kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, na usiogope. Mpiganaji akianguka, jibu lilikuwa tayari: aliogopa. Naye maiti hana mdomo wa kujitetea. Mu nchi ambamo woga ulikuwa kosa la kumvunjia mtu dawa yake, nani atasema «naogopa» juu ya picha mbili zilizokosekana? Mama alisikia neno hilo kwa masikio ya hapa. Sisi ndio tuliopaswa kulisikia kwa masikio ya kule.

«Fear» yenyewe, kitenzi, siku hizi inakaa zaidi mu maandishi na mu radio kuliko mdomoni. Hapa pana mtego mwingine mkubwa. Mutumbwi ukizama ziwani, mwandishi ataandika «twenty people are feared dead». Mwanafunzi mmoja alitafsiri: «Watu ishirini waliokufa wanaogopwa.» Siyo! Maana yake ni kwamba inahofiwa wamekufa, maiti hazijaonekana bado, na pengine mmoja wao ameogelea anakausha nguo huko mbele. Mwenye ndugu yake mu mutumbwi ule ana haki ya kujua tofauti kati ya «dead» na «feared dead», na wewe unayemtafsiria usimwanzishie kilio kabla ya wakati.

Muchunge pia «fear» na «fear for». «She fears her son»: anamwogopa mwanawe, labda ni jambazi. «She fears for her son»: ana hofu juu yake, asije akapatwa na kitu. Neno dogo la herufi tatu linamgeuza kijana kutoka mkosaji kuwa mtu wa kuhurumiwa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi kizuri cha kazi hii, kuchelea, nacho kimebaki zaidi mu methali: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Kuchelea ni mtoto wa kucha, na kucha ndiko tunakotaka kumalizia safari, kwa maana hapa Kiswahili chetu kimekishinda Kiingereza. Munalijua neno hili kutoka Biblia: kumcha Mungu, mcha Mungu. Mwenzetu mmoja aliamini miaka mingi kwamba kumcha Mungu ni kukesha ukimngoja mpaka kuche! Hakuwa mjinga sana, sababu maneno haya mawili yanafanana leo bila kuwa na asili moja. Waganda, ambao lugha yao ni jamaa ya yetu, bado wanayatenganisha: kuogopa ni «kutya», kupambazuka ni «kukya». Kwa Kiswahili sauti zote mbili zimegeuka «cha», na watu wakachanganyikiwa.

Zamani kucha kulikuwa kuogopa tu, kwa kawaida. Leo hakuna mtu anayesema «namcha nyoka». Nyoka tunamwogopa, Mungu tunamcha: woga wenye heshima, unaokufanya usogee karibu badala ya kukimbia. Kiingereza hakina vitenzi viwili vya namna hiyo, kina «fear» moja kwa nyoka na kwa Mungu, na Kilingala ni vilevile, «kobanga» inatosha pande zote. Mukitaka kuona matokeo, mufungue Biblia mbili pamoja. Katika Mithali 1:7, Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka wa 1952 inatumia kumcha. Katika 1 Yohana 4:18, pale panaposemwa kwamba pendo kamili linafukuza kitu fulani, inatumia hofu. Sasa mufungue ile ya Kiingereza ya King James ya mwaka wa 1611: pale «fear», na hapa «fear». Louis Segond naye ana «crainte» pote pawili. Msomaji wa Kiingereza anaweza kuuliza: mbona huku tunaambiwa woga ni mwanzo wa maarifa, na huku unatupwa nje? Nyanya yake wa Baraka asiyejua Kiingereza hata neno moja hana swali hilo, maana kwake ni vitu viwili vyenye majina mawili. Kwa hiyo mukiona «fear God» mu maandishi ya Kiingereza musikimbilie «mwogope Mungu». Muandike «mche Mungu».

Tunaweka hapa sentensi tano kwa wale wanaotayarisha Exetat, na hata kwa walimu wa masomo mengine, wasiogope. «I'm afraid the headmaster is not in.» «The parents fear for their children.» «Three fishermen are feared drowned.» «He was afraid of waking the baby.» «We were afraid to ask.» Aliye tayari aandike tafsiri yake kwa Kiswahili, na jina lake na kalasi, aweke karatasi mu sanduku la gazeti karibu na mlango wa ofisi ya bwana Prefe kabla ya siku ya Ijumaa. Majibu yatatoka katika nambari inayofuata, pamoja na habari za faili ya mama, kama zitakuwa zimefika.